Komwe Zilikataa

Siku ile mjinga alikuwa Tamim, wala hapana haja ya kumtafuta mwengine. Kajificheni nzima ilikuwa na watu wa kila namna, wavivu, waongo, wanaolala saumu mpaka alasiri na bado wakalalamika njaa, lakini mjinga alikuwa mmoja tu. Mwenyewe akiulizwa leo huinua mkono kabla hujamaliza kuuliza.

Ilikuwa Ramadhani ya mwisho kabla ya miaka kugeuka elfu mbili. Redio zote zilisema kompyuta za dunia zitapotewa na akili usiku wa mwaka mpya. Hapa Unguja, palipo na kompyuta za kuhesabika, watu walipotewa na akili mapema kwa sababu ya joto. Baada ya sala ya alasiri hapana mtu aliyejua la kufanya na mikono yake. Umeme unakatika, maji huruhusiwi kuyanywa, harufu ya vitunguu inashuka kutoka kila dirisha, na jua limekwama pale pale kama limekatazwa kuzama. Wengine walicheza karata, wengine bao. Tamim, fundi wa mapangaboi na redio pale Darajani, alifunga kibanda chake mapema na kuja kupitisha saumu kwa mchezo wa mashujaa.

Mchezo huo aliuleta binamu yake Zahran kutoka Uingereza, ndani ya kitabu kilichong'oka ganda. Kila mchezaji anajitungia shujaa mwenye nguvu zisizo za kawaida. Mmoja wao, ndiye Tamim, anakuwa msimulizi: anawaambia wako wapi na wanaona nini, nao wanamwambia wanafanya nini. Jambo likiwa la shaka, dadu zinaamua. Hakuna anayeshinda wala anayeshindwa, na hicho ndicho kitu ambacho wazee wa mtaa hawakukifahamu kabisa. "Mchezo gani huo hauna mshindi?" waliuliza. "Ndoa," alijibu Tamim, ambaye hakuwa ameoa, na wazee wakamwacha.

Ila dadu zilileta maneno. Katika siku za mwanzo za mfungo mtu mmoja wa msikitini aliziona zinabiringika barazani akasema hiyo ni kamari, tena mchana wa Ramadhani. Tamim hakubishana. Alizitia dadu katika soksi, akazifungia kabatini zipumzike mpaka Idi, na kwa ujanja wake akaleta komwe za bao za marehemu babu yake. Akatunga na kanuni: anachota komwe kiganjani, anazipanga mbili mbili. Ikibaki moja haina mwenzake, jambo limekubali. Zikitimia zote, jambo limekataa. Alijiona mtu mwenye akili sana kwa hilo. Na karatasi yake aliyochora chombo cha angani, chenye vyumba kumi na mbili vilivyozungukwa na nyota, akaitandaza katikati ya baraza, pakawa na kila kitu ambacho mpiga ramli huwa nacho isipokuwa kilemba. Hilo alikuja kuliona baadaye. Wajinga huona vizuri sana baadaye.

"Safari hii," alisema siku hiyo, "ni ya siri. Siri ya kweli. Mashujaa wanaitwa mmoja mmoja. Wanaambiwa chombo kiko tayari, kinakwenda huko ambako hata nyota hazijapewa majina. Chombo cha kwanza kilikwenda kikapotea. Hiki cha pili kinakifuata. Hapana ruhusa ya kumwambia mtu."

"Kimejengwa wapi?" aliuliza Simai. Simai alikuwa mtu wa Makunduchi aliyehamia Kiembe Samaki, mpakiaji mizigo uwanja wa ndege. Kutwa anatazama ndege zinavyoondoka bila yeye, na pengine ndiyo maana hakuwa na subira na chombo chochote kinachochelewa kupaa. Shujaa wake aliitwa Mla Umeme, na kila taa zilipozimika mjini watu wa baraza ile walimlaumu Simai.

"Mtoni," alisema Tamim. "Chini ya magofu ya kasri."

"Na vyuma vimepita wapi?"

"Njia ya Bububu."

"Yakhe, mtu akijikuna Bububu, Malindi wanamwambia pole. Chombo cha kwenda mwisho wa mbingu kipite njia ile na wauza mbatata wasijue?"

"Kilipita usiku."

"Usiku ndio wanakuwa macho zaidi."

Kutoka mlangoni, Khawla alicheka. Khawla ni dada yake Tamim, mwalimu wa skuli ya msingi, na alikuwa akicheza akiwa amekaa kizingitini mwao, nusu mwili ukumbini na nusu uchochoroni, na sinia la mchele mapajani. Shujaa wake alikuwa mwanamke anayesikia kila neno linalosemwa duniani. Tamim alilipinga hilo tangu mwanzo. Alisema hiyo si nguvu isiyo ya kawaida, kila mwanamke wa Kajificheni anayo.

"Mimi nna suala," alisema Khawla. "Wanaondoka bila kuaga?"

"Ndiyo maana ya siri."

"Bila radhi ya mama?"

"Khawla, hawa ni mashujaa. Mmoja anakula umeme."

"Anayekula umeme hana mama?"

Tamim alikuna kichwa kwa kalamu. Alikuwa ametunga maadui, sayari ya chumvi, mvua inayonyesha kwenda juu, na hilo la kuaga halikumpitikia. Akasema basi, kila shujaa amwambie mamake anakwenda Pemba harusini.

"Hapo umeharibu," alisema Simai. "Atapewa mzigo. Mpelekee shangazi yako kanga, mpelekee na sabuni, na ukirudi niletee halua."

"Atauchukua mzigo."

"Kwa hiyo tunaingia angani na kanga za shangazi."

"Na akichelewa kurudi," aliongeza Khawla, akitupa punje mbovu uchochoroni, "siku ya tatu mama anapiga simu Pemba. Siku ya nne anapanda meli mwenyewe. Tamim, huwezi kumtoa mtu wa hapa nyumbani kwao kwa siri. Labda umfunge kamba."

"Yupo aliyeweza," alisema Simai.

Wote watatu, bila kukusudia, waliinua macho wakatazama dirisha la juu la nyumba ya pili, upande wa pili wa uchochoro, kisha wakayashusha haraka.

Kwenye dirisha lile alikaa Bi Shemsa, na aliyeweza alikuwa mwanawe, Hamoud. Hamoud alikuwa wa nne wao. Alicheka kuliko wote, akacheza kuliko wote, na siku moja kabla ya Ramadhani iliyopita alizamia meli ya mizigo bandarini. Hakumwambia mtu. Mama alikuta kitanda kimetandikwa vizuri, jambo ambalo Hamoud hakupata kulifanya tangu azaliwe, na hapo hapo akajua. Tangu siku hiyo halikuja neno. Hapana simu, hapana barua, hapana mtu aliyesema nimemwona. Kwa muda wote huo Bi Shemsa alikuwa akiwauliza mabaharia, na mabaharia wakawa wanabadilisha njia wakimwona.

"Sasa turudi kwenye mchezo," alisema Tamim, kwa sababu ukimya ulimkera kuliko njaa. "Na hilo lake lazima tuliamue. Shujaa wake tunamfanya nini?"

Shujaa wa Hamoud aliitwa Mpenyaji. Alikuwa anapita katika ukuta wowote, wa jiwe au wa chuma, kama moshi wa ubani. Wao kwa mazoea hawakuwa wakiyataja majina ya mashujaa. Walisema Hamoud kapenya, Simai kapigwa, Khawla kasikia. Mchezo ulikwenda haraka zaidi hivyo.

"Auawe," alisema Simai. Alisema akitazama miguu yake. "Alikuwa katika chombo cha kwanza, kikapotea, akafa. Mwaka mzima tunamwekea kiti. Mchezo hauendi na kiti cha mtu asiyekuwepo."

"Usiseme hivyo," alisema Khawla.

"Nasema mchezo, Khawla."

"Nnajua unasema nini."

Tamim aliona mambo yanaelekea kubaya, na yeye ni mtu ambaye mambo yakielekea kubaya hutafuta kichekesho. Alijifunika shali kichwani, akachota komwe, akazitikisa karibu na sikio, akaanza kusema kwa sauti ya tumboni, sauti ile ile anayotumia kusimulia mazimwi:

"Tunauliza. Hamoud amekufa?"

Akazipanga juu ya karatasi, mbili mbili, mbili mbili. Zilitimia zote.

"Komwe zimekataa," alisema. "Hamoud yu hai. Yuko mbali, ndani ya chombo cha chuma, mahali penye giza. Ametukumbuka. Anatafuta ukuta wa kupenya. Mwezi wa Idi ukiandama, tutamwona."

"Amin," alisema Simai kwa kejeli, na hata Khawla akatabasamu.

Haukupita muda, kikapu kikateremka. Katika uchochoro ule wanawake wa juu hununua na kupeana vitu kwa kikapu cha kamba, kwa hiyo hapakuwa na ajabu. Kikapu cha Bi Shemsa kilitua mbele ya Tamim. Ndani mlikuwa na sahani ya kaimati iliyofunikwa kwa kawa, chupa ndogo ya marashi, na ubani umefungwa katika kitambaa cheupe.

"Ahsante, Bi Shemsa," alipaza sauti Tamim. "Mungu akuzidishie."

Juu kilionekana kiganja tu, kinapunga taratibu.

"Kaimati nazijua," alisema Khawla. "Marashi na ubani ni vya nini?"

"Mimi nanuka petroli ya kusafishia mapangaboi kutwa. Mama wa watu kanihurumia." Na papo hapo akafungua kizibo, akajimiminia marashi shingoni na kwapani, akamrushia Simai matone, akacheka peke yake. Ilipoadhiniwa magharibi alifuturu kwa zile kaimati, zilikuwa tamu, akala za kwake na za Simai. Hivyo ndivyo Tamim alivyojipaka na kuumeza ujira wa mganga bila kujua kama ameajiriwa.

Alasiri ya pili alikuwa bado hajakaa vizuri barazani alipomwona Bwana Muhiddin anakuja. Muhiddin ni ndugu wa marehemu babake Hamoud, na familia yake inakaa chini katika nyumba ile ile ya Bi Shemsa. Ni mtu wa watu, mwenye kanzu safi na wana wengi, ambaye hujawahi kumwona anakwenda mbio. Siku hiyo alikwenda mbio.

"Shikamoo, Ami," alisema Tamim.

"Marahaba. Kitabu kiko wapi?"

"Kitabu gani?"

"Unachotazamia ramli."

Tamim alimtazama Simai, Simai akatazama komwe.

"Sikiliza, mwanangu," alisema Muhiddin, akikaa bila kukaribishwa. "Mimi nimehangaika mwezi mzima na shemeji yangu. Nimemwambia, habari za ile meli nimezipata kwa baharia, na mtu akikaa kimya hivi, ametangulia. Tumsomee khitma, tumwombee, roho zitulie. Alikuwa hataki. Nikamleta na sheikh. Kwa taabu akakubali, Ijumaa hii baada ya alasiri. Watu nshawaalika. Mpishi nshamwambia. Leo asubuhi ananiambia hapana khitma, mwanangu yu hai, Tamim ametazama, na Idi anarudi. Sasa ametoa vitu vyangu vyote katika chumba cha kijana, anasugua sakafu."

"Vitu gani, Ami?" aliuliza Khawla kutoka kizingitini. Aliuliza kwa adabu kabisa.

Muhiddin alikohoa kidogo. "Mbao za kitanda. Mwanangu anaoa mfungo mosi, Idi ikipita, nyote mnajua. Chumba kiko kitupu. Huyo bibi arusi nimweke wapi, barazani hapa na nyinyi?"

Akaondoka kama alivyokuja. Tamim alibaki na shali mkononi. Sasa aliyaona yote kwa pamoja: karatasi ya vyumba kumi na mbili na nyota, komwe mbili mbili, sauti ya tumboni, jina la Hamoud bila jina la shujaa, na dirisha lililokuwa wazi kwa joto. Marashi yalikuwa bado yananukia shingoni. Aliyasugua kwa kiganja, yakazidi kunukia.

"Utapanda ukamwambie," alisema Khawla.

"Nikamwambie nini?"

"Kama ni mchezo."

Tamim hakutulia. Alisimama, akakaa, akazikusanya komwe, akazimwaga tena. "Fikiri kidogo, Khawla. Yule mama mwaka mzima hajacheka. Leo anasugua sakafu anaimba, nimemsikia mwenyewe. Mpaka Idi zimebaki siku chache. Mwachie hizo siku. Nani anaumia?"

"Na Idi ikifika?"

"Idi ikifika tutajua la kusema."

"Wewe utajua la kusema? Wewe uliyesema mtu anakwenda Pemba harusini?"

Simai, ambaye kwa kawaida huwa upande wa Tamim hata Tamim akikosea, safari hii alitikisa kichwa. "Nimependekeza auawe mimi," alisema. "Huenda amenisikia pia. Nitapanda na wewe."

Walipanda wote watatu. Ngazi za nyumba ile ni za mbao, nyembamba na zimesimama kama zinakwenda paa la dunia, na Tamim alizipanda kama mtu anayepelekwa. Juu mlango wa chumba cha Hamoud ulikuwa wazi. Sakafu ilikuwa imelowa. Mbao za kitanda cha bibi arusi zilikuwa zimeegemezwa nje ukumbini, na godoro la zamani la Hamoud limetandazwa dirishani lipate jua. Bi Shemsa alikuwa amepiga magoti, kanga imefungwa kiunoni, tambara mkononi. Alipowaona uso wote ulimng'aa, na Tamim alitamani ngazi zimrudishe chini zenyewe.

"Tamim, mwanangu, karibuni. Msikanyage hapo, pamelowa."

"Bi Shemsa, shikamoo."

"Marahaba. Umeona kitu kingine?"

Akamweleza. Tamim, ambaye maneno ni kama mate kwake, aliyatafuta moja moja. Alisema kuna kitabu cha Zahran. Alisema kuna chombo cha kutunga, na watu wa kutunga, na kwamba Hamoud aliyemsema kuwa yu hai si Hamoud bali ni mtu wa hadithi anayepita katika kuta, na komwe ni za bao tu, za babu. Alisema hajui kutazamia. Alisema hajui hata kesho watakula nini. Alimaliza akitazama tambara.

Bi Shemsa alikaa chini juu ya sakafu ile ile yenye maji, akalikunja tambara mara mbili, akaliweka kando. Uso ulijifunga taratibu, kama duka linalofungwa na mtu asiyekuwa na haraka. Khawla alisogea akakaa naye majini, bila kujali gauni.

"Kumbe mnacheza," alisema Bi Shemsa mwishowe.

"Tunacheza, Bi Shemsa. Nisamehe."

"Na aliyetaka auawe ni nani?"

"Mimi," alisema Simai. "Si yeye. Yule wa hadithi."

"Kwa nini?"

Simai alihangaika. Mikono yake iliyozoea masanduku haikujua pa kukaa. "Kwa sababu kila tukianza kucheza tunamngoja," alisema. "Nimechoka kumngoja, Bi Shemsa. Sikusudii ubaya. Nafanya kazi pale uwanjani, kila ndege ikitua natazama nani anashuka."

Bi Shemsa alimtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Kisha akamgeukia Tamim.

"Na hizo komwe zingekubali kama amekufa, ungefanya nini?"

Tamim angeweza kusema uongo mzuri hapo. Alikuwa nao tayari mdomoni. "Ningezichota tena," alisema.

"Ukazichota mpaka lini?"

"Mpaka zikatae."

Kutoka chini zilisikika hatua. Muhiddin alikuwa anapanda, na pumzi zake zilitangulia. Alipofika alisimama mlangoni, akawaona wote pale kwenye sakafu ya maji, akafahamu kama kazi imeshafanyika. Hakufurahi hadharani. Ni mtu mwema, kwa namna yake. Alishusha sauti.

"Umesikia mwenyewe, Bi Shemsa."

"Nimesikia."

"Basi shukuru Mungu wamesema mapema. Ijumaa ibaki pale pale. Tumsomee kijana wetu, tumpumzishe na wewe upumzike. Nitawaambia vijana wairejeshe mizigo."

Bi Shemsa alichukua tambara, akaanza tena kufuta, taratibu, kipande kile kile. "Muhiddin, yule baharia wako aliyekupa habari, alimwona Hamoud?"

"Hakumwona. Alisema ile meli ilifika Durban, ikapekuliwa, hakutoka mtu."

"Hakutoka akiwa hai, au hakutoka akiwa maiti?"

"Hakutoka mtu. Ndivyo alivyosema."

"Na kabla ya Durban ilitia nanga wapi?"

"Sasa mimi nitajuaje, shemeji? Bandari ni nyingi."

"Nyingi," alisema Bi Shemsa.

"Lakini mwaka mzima." Muhiddin alikunjua mikono. "Mwaka, hata salamu. Mtu mzima hufikiri. Watu wanatuuliza, tunawajibu nini? Sheikh amekwisha kusema atakuja, majirani wameshaambiana, mpishi kanunua mbuzi. Kila kitu kimepangwa. Nani anasoma wapi, nani anakaa wapi, nani atatoa dua."

"Umepanga vizuri," alisema Bi Shemsa. "Siku zote unapanga vizuri. Kimekosekana kitu kimoja."

"Kitu gani?"

"Maiti."

Tamim aliona sikio la Muhiddin linakuwa jekundu. Mtu mpole akikasirika hukasirika kwa mambo madogo, na Muhiddin alimwonyesha kidole yeye, kisha Simai, kisha Khawla, na ile karatasi yenye nyota iliyochomoza katika mfuko wa shati la Tamim.

"Kwa hiyo utawasikiliza hawa?" alisema. "Mimi niliyezika ndugu yangu, babake, kwa mikono hii, nakwambia jambo la kheri, hulitaki. Na watu wazima wenye ndevu, wanaojifanya wanaruka mbinguni na kula umeme, hao ndio unawaachia waseme mwanao yu hai au amekufa. Wamekiri mbele yako, Shemsa. Wanacheza."

Bi Shemsa alilikamua tambara ndooni mpaka likaacha kudondoka. Aliinuka kwa kushikilia bega la Khawla, akaufunga mlango wa chumba cha mwanawe, mbao za kitanda zikabaki ukumbini zilipokuwa, na alipogeuka sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Hawa wanacheza, shemeji," alisema, "na wanajua kama wanacheza."